Nguvu Kubwa Hutaka Mafunzo Makubwa

Katika miji ya Arua na Koboko, pikipiki ndogo ya sentimita 100 za ujazo ndiyo shule ya kwanza ya mpandaji. Bodaboda hubebea abiria na magunia ya mihogo, na askari huiendea kazini. Si ajabu, basi, kwamba askari aliyeiendesha miaka mitano bila kuanguka, kisha akapata akiba, pengine baada ya kutumikia Somalia ambako Uganda ilianza kupeleka majeshi mwaka 2007, hujiona amefuzu, akatamani pikipiki kubwa ya mbio. Tamaa hiyo si kosa. Kosa ni kudhani kwamba chombo kipya ni kile cha zamani kilichoongezwa mwendo tu.

Hesabu inatosha kuwa shahidi. Bajaj Boxer ya sentimita 100 ina nguvu za farasi 8 hivi, na uzito wake unazidi kidogo kilo 100. Yamaha R1 iliyotolewa mwaka 1998 ilikuwa na nguvu za farasi 150 na uzito wa kilo 177 kabla ya kutiwa mafuta. Uzito haukufika mara mbili, lakini nguvu zilikaribia mara 19. Juu ya Boxer, mkono ukivuta mafuta kwa pupa, injini hunguruma tu na mpandaji hupata nafasi ya kujirekebisha. Juu ya pikipiki kubwa, kosa lilo hilo huinua gurudumu la mbele, au huliponyosha la nyuma.

Jambo la pili ni breki. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huzidi mara nne. Kwa kilomita 120 kwa saa, pikipiki hupita mita 33 kila sekunde, hata kabla mkono haujagusa breki. Tena, wengi waliojifunzia pikipiki ndogo wamezoea kukanyaga breki ya nyuma, ilhali nguvu kubwa ya kusimamisha iko mbele, nayo hutaka kubanwa kwa kiasi, si kwa hofu.

Jambo la tatu ni barabara yenyewe. Lami ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, yapata kilomita 92, humshawishi mtu kufungua mafuta. Lakini barabara hiyo ni ya mbuzi, ya watoto wa shule, na ya malori yaendayo Juba. Isitoshe, Uganda huendesha kushoto, hali Kongo na Sudan Kusini huendesha kulia. Dereva aliyevuka mpaka akasahau anaweza kutokea upande usiotazamiwa. Na palipo na murram, tairi laini za pikipiki ya mbio hazina meno ya kushika udongo.

Nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliyatambua hayo. Tangu Januari 2013, leseni zao zimegawanywa kwa ngazi: kwanza pikipiki isiyozidi sentimita 125, kisha ya nguvu za kati, na kijana apandaye ngazi hizo hukaa miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kubwa. Askari wa West Nile hana haja ya kungoja alazimishwe. Na apite kwanza katika pikipiki ya sentimita 200 au 250. Ajifunze breki ya mbele katika uwanja mtupu. Avae kofia ngumu, glavu na viatu vya buti, hata kama safari ni ya sokoni.

Aliyehitimu bunduki hakabidhiwi mzinga siku ya pili, wala hakuna anayeona kwamba amedharauliwa. Askari aliyevunjika mguu kwa mbwembwe amekipunguzia kikosi chake mtu mmoja, sawasawa na aliyepigwa risasi. Tofauti ni kwamba adui hakutoa jasho. Mwenda pole hajikwai.