Prosesa Zilizokimbizwa Kuliko Zote

Desemba 2022, Msweden Jon Sandström, ambaye wenzake humwita Elmor, aliifikisha prosesa ya Intel Core i9-13900K kwenye gigahezi 9.008. Hakuna prosesa ya kompyuta ya mezani iliyokuwa imevuka 9 kabla yake. Machi 2024 akapanda hadi 9.117 kwa i9-14900KS, na mwaka 2025 Mchina anayejiita wytiwx akampiku kwa 9.130.

Orodha za vinara huishia hapo. Mimi napenda kuuliza swali jingine: prosesa imeizidi kwa kiasi gani kasi iliyotoka nayo kiwandani?

Kwa kipimo hicho, 14900KS inashuka. Inauzwa ikiwa tayari na uwezo wa kufika gigahezi 6.2, hivyo 9.117 ni nyongeza ya asilimia 47. Tena kasi hiyo ilidumu kwa kitambo tu, prosesa ikipozwa kwa heliamu kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Bila baridi ya namna hiyo haiwezekani: kasi inadai volteji zaidi, na ukizidisha volteji mara mbili, joto huongezeka mara nne.

Iliyoruka juu kuliko hiyo ni AMD FX-8350. Mwaka 2012 Andre Yang wa Taiwan aliitoa gigahezi 4 akaifikisha 8.794 kwa nitrojeni kimiminika, zaidi ya mara mbili, na rekodi hiyo ikadumu karibu miaka 10. Prosesa nyingi hugoma zikipozwa kupita kiasi. Za jamii hii zilistahimili.

Lakini bingwa wangu ni Celeron 300A ya mwaka 1998, iliyotengenezwa kwa wanunuzi wa bei nafuu. Ubao mama uliipa mapigo ya megahezi 66 na ushei, nayo ikayazidisha mara 4.5 kupata 300. Mwenye kompyuta aliyeyapandisha mapigo hadi 100 alipata megahezi 450. Ni asilimia 50, kwa feni ya kawaida, na si kwa dakika chache: watu waliitumia hivyo kila siku. Si kila moja ilikubali, ila nyingi zilikubali. Siri yake ni kwamba kilobaiti 128 za akiba yake ya karibu zilikuwa ndani ya kipande kilekile cha silikoni na zilikwenda kwa kasi yake yote, wakati Pentium II ya bei ghali ilikuwa na akiba ya pembeni inayokwenda nusu ya kasi.

Leo nafasi kama ile ni finyu, kwa kuwa viwanda vyenyewe huzikamua prosesa kabla ya kuziuza. Nafasi imebaki kwenye RAM. DDR5 ilianza na kiwango cha 4,800, yaani kuhamisha data mara milioni 4,800 kwa sekunde. Mwaka 2024 wapenzi wa rekodi walivuka 12,000.

Inaniuma kumwona mtu amelipia RAM ya 6,000 nayo inatembea 4,800 kwa sababu hakuna aliyemweleza. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS, tafuta chaguo la kasi ya RAM liitwalo XMP kwenye mashine ya Intel au EXPO kwenye ya AMD, uliwashe. Kisha iache programu ya MemTest86 ikeshe ikiipima RAM. Ikionyesha kosa hata moja, shusha kasi hatua moja, upime tena.