Msanii si Kasuku wa Mashabiki

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii hunijia kila nikumbukapo kisa cha Radiohead, bendi ya roki kutoka Uingereza. Mwaka 1997 albamu yao, OK Computer, iliwapa sifa tele, na mashabiki wakangojea nyingine ya sampuli iyo hiyo. Walipotoa Kid A mnamo Oktoba 2000, magitaa kwa sehemu kubwa yalikuwa yamevipisha vinanda vya umeme na sauti za kompyuta. Lawama zikazuka. Wapo waliolia kwamba wamesalitiwa; wapo wahakiki walioona majivuno matupu.

Nakiri, ndugu msomaji, hata mimi nilinuna. Niliisikiliza mara moja nikaiweka kando.

Hata hivyo, iliongoza mauzo Uingereza na Marekani, na mwaka 2001 ikatuzwa Grammy. Leo wahakiki wengi huihesabu miongoni mwa kazi bora za enzi yake.

Nilipoirudia ndipo nilipong'amua kosa langu: nilimtaka msanii awe kasuku wa kuyakariri ya jana. Shabiki ana haki ya kununua au kuacha; kumtia msanii pingu hana. Tuwaache wajaribu, nasi tuwe na subira ya kusikiliza mara ya pili.