Ugharamiaji wa Miundombinu kwa Ongezeko la Kodi: Nafasi na Mipaka Yake katika Miji ya Shinyanga, Kahama na Geita

Ikisiri

Makala haya yanafafanua utaratibu wa kugharamia miundombinu ya miji kwa kutumia ongezeko la kodi linalotarajiwa baada ya miundombinu hiyo kujengwa, na kuupima dhidi ya mazingira ya miji ya ukanda wa madini wa Shinyanga na Geita. Hoja kuu ni kwamba utaratibu huo, kama unavyojulikana Marekani, haujapata msingi katika miji hii, kwa sababu kodi ya majengo haifuati thamani ya jengo, na kwa sababu mapato yanayokua kwa kasi yanatokana na mgodi wala si ardhi ya mjini. Makala yanapendekeza kwamba kanuni ya utaratibu huo itumike pale tu ambapo halmashauri yenyewe ndiyo inayojenga na ndiyo inayokusanya: masoko, stendi na viwanja.

1.0 Utangulizi

Miji ya Shinyanga, Kahama na Geita imekua kwa kutegemea, kwa viwango tofauti, kilichomo ardhini. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Migodi mikubwa ya kisasa ya dhahabu ilikuja baadaye: Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Geita ikawa makao makuu ya mkoa mpya mwaka 2012, na Kahama ikapandishwa hadhi kuwa manispaa mwaka 2021.

Ukuaji huo umezalisha mahitaji ambayo bajeti ya kawaida ya halmashauri haiwezi kuyabeba: barabara za mitaa, mifereji ya maji ya mvua, masoko, stendi na viwanja vilivyopimwa. Kwa sehemu kubwa mahitaji hayo yamegharamiwa na Serikali Kuu kwa mikopo nafuu ya Benki ya Dunia. Shinyanga na Geita zilikuwamo katika programu ya kuimarisha halmashauri 18 za miji, na Geita na Kahama zimo katika kundi la kwanza la mradi wa TACTIC unaohusu miji 45. Katika mipango yote miwili, anayekopa na anayelipa ni Hazina. Mji hupokea barabara, lakini haujifunzi kuilipia. Hivyo basi, swali linaloongoza makala haya ni hili: je, miji hii inaweza kulipia miundombinu kwa thamani ambayo miundombinu yenyewe inaizalisha?

2.0 Dhana ya Ugharamiaji kwa Ongezeko la Kodi

Utaratibu huu ulianza katika jimbo la California, Marekani, mwaka 1952, na baadaye ukaenea katika majimbo mengine. Chicago ni miongoni mwa miji iliyoutumia kwa upana. Hatua zake ni nne. Kwanza, mamlaka ya mji hutenga eneo la mradi na kuchora mipaka yake. Pili, thamani ya majengo na ardhi katika eneo hilo hupimwa katika mwaka wa msingi, na kodi inayotokana na thamani hiyo huendelea kwenda kwa mamlaka zilizokuwa zikiipokea. Tatu, mji hukopa, mara nyingi kwa kuuza hatifungani, na kujenga miundombinu. Nne, thamani inapopanda, kodi inayozidi ile ya mwaka wa msingi hutengwa kwa ajili ya kulipa deni mpaka liishe.

Ubora wa utaratibu huu ni kwamba anayenufaika na barabara ndiye anayeilipia, na kiwango cha kodi hakilazimiki kuongezwa. Udhaifu wake ni kwamba hutegemea jibu la swali gumu: je, thamani isingepanda hata kama barabara isingejengwa? Iwapo ingepanda, basi kinachoitwa ongezeko ni mapato ambayo yangekwenda shuleni na katika huduma nyingine. Malalamiko ya namna hiyo ni miongoni mwa sababu zilizoifanya California, kwa sheria ya mwaka 2011, kuzivunja mamlaka zake za uendelezaji upya wa miji, zikakoma mwaka 2012.

3.0 Masharti Yanayokosekana

3.1 Kodi isiyofuata thamani

Sharti la kwanza ni kuwapo kwa kodi inayopanda thamani inapopanda. Sheria ya mwaka 1983 ya kodi ya majengo kwa mamlaka za miji iliweka msingi wa namna hiyo, kwa kuruhusu kodi itozwe kwa kufuata thamani iliyokadiriwa na mthamini. Mabadiliko yaliyofuata yameondoa msingi huo. Ukusanyaji ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania mwaka 2016, viwango vya mkupuo vikachukua nafasi ya uthamini, na tangu mwaka 2021 kodi hukatwa mwananchi anaponunua umeme wa LUKU. Viwango vilivyoanza mwaka huo vilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa mwezi kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa mjini.

Mfano wa kubuni utadhihirisha athari yake. Tuchukue mtaa wenye nyumba 1,000 za kawaida. Kwa viwango hivyo, mtaa unalipa shilingi milioni 12 kwa mwaka kabla ya barabara ya lami, na milioni 12 zilezile baada yake. Ongezeko ni sifuri, isipokuwa kwa nyumba mpya zitakazojengwa. Sasa tuchukulie kwamba kodi ni asilimia 0.2 ya thamani, na kwamba barabara imepandisha thamani ya kila nyumba kutoka shilingi milioni 20 hadi milioni 30. Ongezeko litakuwa shilingi 20,000 kwa nyumba, yaani milioni 20 kwa mtaa kwa mwaka na milioni 200 kwa miaka kumi. Fedha hizo zinaweza kuchimba na kujengea mifereji, lakini ni pungufu ya gharama ya kilomita moja ya lami. Kwa mantiki hiyo, hata kurejesha uthamini peke yake hakutoshi; ukubwa wa mradi lazima ulingane na thamani ya majengo yaliyopo.

Aidha, kodi inayozungumziwa ni ya majengo. Ardhi yote nchini ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kodi ya pango la ardhi ni mapato ya Serikali Kuu. Kiwanja kitupu kilicho kando ya barabara mpya kinaweza kupanda bei maradufu, mwenye nacho akasubiri, na halmashauri isipate chochote katika kusubiri huko.

3.2 Mamlaka zilizogawanyika

Sharti la pili ni kwamba anayejenga na anayekusanya wawe mamlaka moja, au wafungwe na mkataba mmoja. Nchini Tanzania, barabara za mijini na vijijini zimo mikononi mwa TARURA tangu mwaka 2017. Maji ya Ziwa Victoria huletwa Shinyanga na Kahama na KASHWASA, kisha husambazwa na mamlaka za maji za miji. Umeme ni wa TANESCO. Halmashauri hupanga mji ambao sehemu kubwa ya miundombinu yake hujengwa na wengine, na kodi ya majengo yake huwekewa viwango na Bunge.

Mgawanyo huu una sababu zake za kiutendaji, na makala haya hayalengi kuupinga. Yanachoeleza ni kwamba mkopeshaji anayeulizwa kuiamini halmashauri atataka kujua ni mapato gani hasa yatakayomlipa, na nani mwenye mamlaka ya kuyabadilisha.

3.3 Chanzo cha ongezeko

Sharti la tatu ni kuweza kutofautisha ongezeko lililoletwa na mradi na lile lililoletwa na mambo mengine. Katika mji wa dhahabu, kodi ya pango la nyumba, bei ya kiwanja na mzunguko wa biashara hupanda na kushuka pamoja na bei ya dhahabu katika soko la dunia na wingi wa wachimbaji wadogo. Bei ya dhahabu ikipanda mwaka uleule stendi inapofunguliwa, stendi itasifiwa kwa kazi ambayo si yake. Ikishuka, deni la stendi halitashuka nayo.

4.0 Ushuru wa Huduma na Ukomo wa Mgodi

Kwa kuwa kodi ya majengo haiongezeki, macho huelekea kwenye mapato yanayoongezeka kweli, yaani ushuru wa huduma. Ushuru huu hutozwa chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, na kwa miaka mingi kiwango chake kilikuwa asilimia 0.3 ya mapato ghafi ya biashara. Hapo awali mikataba ya uendelezaji wa madini iliruhusu migodi mikubwa kulipa kiasi kisichozidi dola za Marekani 200,000 kwa mwaka. Kuachwa kwa ukomo huo kuliongeza sana mapato ya halmashauri zenye migodi. Masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa Machi 2019, Geita likiwa la kwanza, yaliuleta ushuru huo pia kwa wachimbaji wadogo. Kwa upande mwingine, marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliitaka kila kampuni ya uchimbaji kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kuukubaliana na halmashauri.

Je, mapato haya yanaweza kuwa dhamana ya mkopo wa muda mrefu? Jibu la makala haya ni hapana, kwa sababu mbili. Mosi, mpango wa uwajibikaji hujadiliwa mwaka kwa mwaka, ilhali deni la miundombinu hulipwa kwa miaka kumi au zaidi. Pili, na hii ndiyo sababu yenye uzito, mgodi una mwisho. Buzwagi, uliomo Kahama, ulizalisha kuanzia mwaka 2009 na kufikia ukomo wake mwaka 2021, miaka kumi na miwili tu. Halmashauri ambayo ingekopa mwaka 2015 kwa deni la miaka kumi na mitano, ikiegemea ushuru wa mgodi huo, ingebaki na miaka tisa ya marejesho bila chanzo cha marejesho. Hapo mzigo ungehamia kwa mama mwenye kibanda na mwendesha bodaboda, ambao ushuru wao hauna pa kukimbilia. Mpango wa kuligeuza eneo la Buzwagi kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi ni juhudi ya kutafuta chanzo kipya, lakini chanzo kipya huhitaji muda, na deni halisubiri.

Hivyo basi, ushuru wa mgodi unafaa kuwa mtaji, si dhamana. Utumike kujenga kitu kitakachoendelea kuingiza fedha baada ya mgodi kufungwa.

5.0 Panapowezekana: Soko, Stendi na Viwanja

Kuna maeneo machache ambako masharti yote matatu hukaribiana. Soko na stendi ni mali ya halmashauri; pango la vizimba na vibanda na ushuru wa stendi hukusanywa na halmashauri yenyewe; na makusanyo ya mwaka wa msingi yanajulikana kutoka katika vitabu vya mapato. Ongezeko baada ya ujenzi linaweza kupimwa, ilimradi hesabu iangalie mji mzima, kwani mfanyabiashara aliyehama kutoka soko la zamani kwenda jipya si ongezeko.

Viwanja vina historia ndefu zaidi. Mradi wa Viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2002, uligharamiwa kwa mkopo wa Hazina wa takriban shilingi bilioni 8.9 uliorejeshwa kwa mauzo ya viwanja. Programu ya kupanga, kupima na kumilikisha ardhi, ambayo imezipa halmashauri mikopo isiyo na riba, inafuata mantiki hiyohiyo: thamani inayoletwa na upimaji hulipia upimaji. Tofauti yake na utaratibu wa Marekani ni kwamba thamani huvunwa mara moja, siku ya mauzo, wala si kila mwaka.

Mfano wa karibu wa mapato yaliyofungwa kwa deni ni hatifungani ya Mamlaka ya Maji Tanga ya mwaka 2024, yenye thamani ya shilingi bilioni 53.12, ambayo hulipwa kwa mapato ya huduma ya maji. Kilichowezesha hatifungani hiyo ni mamlaka moja yenye mabomba, wateja na ankara. Kwa halmashauri, hatua inayolingana na hiyo ni kuyafanya mapato ya soko au stendi husika kuwa mapato lindwa, yenye akaunti yake. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani yasiyolindwa hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kila shilingi inayohamishiwa kwenye mapato lindwa hupunguza fungu hilo. Kwa hiyo kinachofaa kulindwa ni ongezeko peke yake. Makusanyo ya mwaka wa msingi yabaki katika mfuko wa kawaida.

6.0 Hitimisho

Ugharamiaji kwa ongezeko la kodi huhitaji kodi inayofuata thamani, mamlaka moja yenye kujenga na kukusanya, na ongezeko linaloweza kutambuliwa chanzo chake. Kwa barabara na mitaa ya Shinyanga, Kahama na Geita, masharti hayo hayajatimia, na kuuiga utaratibu huo kwa jina tu kungekuwa kukopa kwa kuegemea bei ya dhahabu. Kwa masoko, stendi na viwanja, kanuni yake inaweza kutumika kwa miradi ya wastani. Endapo kodi ya majengo itarejeshwa kwenye uthamini, mjadala wa barabara utaweza kufunguliwa upya. Hadi hapo, kipimo cha busara kwa kila halmashauri ya ukanda huu ni kujiuliza, kabla ya kusaini mkopo wowote, ni mapato gani yatakayolipa deni hilo mwaka mmoja baada ya mgodi kufungwa.