Murang'a bila ritifaa

Wapo wasomi, baadhi yao wakiwa wenzangu katika taaluma ya lugha, wanaodhani kwamba ramani za tarakilishi ni shamba la wahandisi na wapimaji ardhi peke yao, na kwamba mwalimu wa Kiswahili hana jembe la kulimia humo. Sikubaliani nao hata kidogo. Ramani ya karatasi ilikuwa picha. Ramani ya tarakilishi kimsingi ni maandishi. Ndani yake mna orodha ndefu za tarakimu na maneno, na picha tuionayo kwenye kioo huchorwa kila mara kutokana na orodha hizo. Na palipo na maandishi pana tahajia, pana mpangilio, pana maana. Je, si hayo tunayolipwa mshahara kuyafundisha?

Hebu tutazame kwanza jinsi orodha hizo zinavyosafiri. Zamani kila idara na kila kampuni ya programu ilihifadhi ramani kwa namna yake, na aliyetaka za mwenzake alilazimika kuzigeuza, aghalabu kwa taabu kubwa. Mwaka 1994 liliundwa shirika la kimataifa ambalo leo huitwa Open Geospatial Consortium, nia ikiwa kuafikiana juu ya lugha moja ya mazungumzo. Mwaka 2000 likatoa kaida iitwayo Web Map Service, na mwaka 2002 nyingine, Web Feature Service. Majina hayo ya kigeni yasimtishe msomaji, kwani utaratibu wenyewe ni wa mgeni kubisha hodi. Tarakilishi ya mgeni huuliza: una nini? Ya mwenyeji hutaja matabaka iliyo nayo: barabara, mito, zahanati, mipaka ya kaunti. Kisha mgeni hutaja tabaka alitakalo na pembe za eneo lenyewe. Kwa kaida ya kwanza hupewa picha ya kutazama. Kwa ya pili hupewa vitu vyenyewe, pamoja na tarakimu zake na sifa zake, likiwemo jina, akaweza kuvihesabu na kuvilinganisha na vyake.

Vitu hivyo kwa kawaida ni nukta, mstari au poligoni. Kisima ni nukta, mto ni mstari, kaunti ni poligoni. Hapa mwanafunzi aliyekaririshwa ngeli ya PA-KU-MU angetabasamu, maana sarufi yake imekwisha kumtayarisha. PA ni mahali dhahiri, panapoweza kuwekewa nukta. MU ni ndani, na swali ambalo tarakilishi huulizwa kutwa kucha ni hilo hilo: kisima hiki kimo katika kaunti ipi? KU ndiyo inayoisumbua mashine. Kule Eastlands, asemavyo mkazi wa Nairobi, ni kule ambako kila mtu anakujua ilhali hakuna sheria iliyokuwekea mpaka. Anayekuchorea poligoni amebuni mpaka ambao wasemaji hawakuukusudia.

Nirejee kwenye mpangilio. Mahali hutajwa kwa latitudo na longitudo, lakini ipi itangulie? Wanajiografia wamezoea kuanza na latitudo. Waandishi wengi wa programu huanza na longitudo, kwa kuwa katika hisabati x hutangulia y. Web Map Service yenyewe ilianza kwa kutanguliza longitudo, kisha katika toleo lake la 1.3.0 ikageuka na kufuata mpangilio ambao kila mfumo wa vipimo umejiwekea. Na katika mfumo mmoja unaotumika sana, latitudo ndiyo ya kwanza. Mji wa Murang'a uko yapata nyuzi 0.72 kusini mwa Ikweta na nyuzi 37.15 mashariki. Zipindue tarakimu hizo, na Murang'a itatumbukia katika Bahari ya Mediterania, kusini mwa mji wa Cartagena nchini Hispania. Mbwa amemuuma mtu. Mtu amemuuma mbwa. Maneno ni yale yale.

Afadhali kosa hilo, kwa sababu linaonekana upesi. Kosa la tahajia hujificha. Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili alikuwa akiandaa ramani ya shule za upili katika kaunti zote 47. Mipaka aliipata mtandaoni kutoka kwa taasisi moja, idadi ya shule akaipata katika jedwali la taasisi nyingine, akaiamuru tarakilishi iviunganishe kwa jina la kaunti. Kaunti kadhaa zikatoka nyeupe, Murang'a ikiwemo. Shule zilikuwapo, kilichokosekana ni ritifaa. Jedwali lilisema Murang'a, mipaka ikasema Muranga, na kwa mashine hayo ni majina ya mahali pawili tofauti. Elgeyo/Marakwet na Taita/Taveta, zilizoandikwa kwa mkwaju katika Jedwali la Kwanza la Katiba ya 2010, nazo zilikuwa zimepewa kistari upande mmoja. Huo ulikuwa utafiti wa darasani. Lakini lau ingekuwa ramani ya kugawa dawa au chakula cha njaa? Sensa ya 2019 iliwahesabu watu zaidi ya milioni moja katika Murang'a, na mtazamaji wa ramani nyeupe husoma kwamba hakuna kitu.

Kwa nini ritifaa idondolewe? Katika lugha itumiwayo kuulizia hifadhidata, alama hiyo ndiyo inayofungua na kufunga maneno, hivyo mtunzi wa programu asiye makini huifuta ili isimvurugie kazi. Isitoshe, kuna ritifaa mbili, iliyonyooka na iliyopinda, ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha kwa urahisi, ilhali mashine huzihesabu kuwa herufi mbili. Sisi twajua kwamba alama hii si pambo. Ng'oa mche si sawa na kulia ngoa. Na Wakikuyu wenyewe huandika Mũrang'a, yenye alama pia juu ya u, kwa kuwa irabu hiyo iko karibu zaidi na o kuliko u. Katika mafaili ya kizamani, alama hiyo aghalabu ilirudi ikiwa kiulizo.

Dawa ya wahandisi ni nambari. Murang'a ni ya 21 katika Jedwali la Kwanza. Ziunganishwe nambari, na jina libaki la kusomwa na watu. Naiunga mkono. Hata hivyo haitoshi, kwa sababu miundo mingi ya data ina nafasi moja tu ya jina, na mwenye kuijaza huenda yuko katika ofisi ya mbali, hajapata kusikia jina hilo likitamkwa. Mradi wa OpenStreetMap, ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, unafuata njia ninayoipenda zaidi: mahali pamoja paweza kuwa na jina la kawaida, jina rasmi, jina la zamani, na jina kwa kila lugha. Humo Nyahururu yaweza kubeba Thomson's Falls kama historia yake, na Murang'a ikabeba Fort Hall, pasipo yeyote kupotea njia.

Ni katika mradi huo ambamo vijana wa Kibera, mwaka 2009, waliingiza vichochoro, vyoo, shule na zahanati za mtaa wao, ambao katika ramani nyingi ulikuwa patupu. Sasa tazama jina lake. Wanubi walipaita Kibra, yaani msitu. Wengi wetu twasema Kibera. Na eneo bunge lililopiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 2013 likarudia Kibra. Atakayelifuta mojawapo ili jedwali lake lipendeze atakuwa ameamua ugomvi wa miaka mingi kwa kubonyeza kitufe.

Mwalimu hahitaji kibali cha mtu kuanza. Wanafunzi na wawaulize wazee majina ya vijito, vilima na masoko ya karibu na shule, wayaandike jinsi yanavyotamkwa, kwa ritifaa zake na alama zake, na wabainishe ni nani husema hivyo. Kisha wayaingize katika nafasi zinazostahili. Mradi huo uko wazi kwa kila mtu. Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili nimewapa zoezi hilo. Mto mmoja mdogo umekwisha kuletwa na majina matatu, na mabishano juu ya lipi litangulie hayajesha.