Kenya yaifanya huduma kwa jamii kuwa somo la lazima: je, moyo wa kujitolea hufundishika?

Tangu Januari 2026, wanafunzi wa Gredi ya 10 nchini Kenya, ambao ndio kundi la kwanza kuingia sekondari ya juu chini ya mtaala wa umilisi, wana masomo manne yasiyoepukika, mkondo wowote watakaouchagua. Matatu yamezoeleka: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, na Hisabati. La nne ni geni kwa wazazi wengi, nalo ni huduma kwa jamii. Anayelenga uhandisi, anayependa historia na anayetaka kuwa mchezaji wa kandanda, wote watatoka darasani kwenda kuwatumikia watu wasio wa shule yao.

Wazazi waliposikia jina hilo, baadhi walidhani ni kazi ya mikono ileile ya kufyeka nyasi na kuokota taka. Sivyo lilivyokusudiwa. Katika sekondari ya chini huduma kwa jamii hufanywa kupitia miradi ya darasa, na katika sekondari ya juu inakuwa somo kamili. Mwanafunzi anatakiwa kulitambua tatizo la watu wanaomzunguka, kulichunguza, kupanga la kufanya, kulitenda, kisha kueleza alichojifunza.

Tuseme kisima cha kijiji kimechafuka. Darasa linaweza kupelekwa kukisafisha Ijumaa alasiri, na baada ya wiki mbili kikarudi kama kilivyokuwa. Njia ya mtaala ni ndefu zaidi. Wanafunzi huwauliza akina mama saa wanazochota maji, huchunguza mifugo inapitia wapi, humwendea mhudumu wa afya kujua watoto wangapi wamehara, kisha huketi na wazee kukubaliana nani atajenga uzio na nani atautunza. Humo mna hesabu, mna baiolojia, na mna Kiswahili cha kuzungumza na mtu mzima bila kumkosea adabu, jambo ambalo si kila kijana wa leo analiweza.

Wazo lenyewe si jipya nchini humo. Harambee ilijenga shule nyingi za Kenya baada ya uhuru, na mpango wa Tuzo ya Rais, ulioanzishwa mwaka 1966, huwatunuku vijana wa miaka 14 hadi 24 kwa ngazi za shaba, fedha na dhahabu, huduma ikiwa mojawapo ya masharti yake. Lakini tuzo hiyo ni ya hiari. Sasa huduma imeingia kwenye ratiba ya kila shule, na hapo ndipo penye fundo: kinacholazimishwa chaweza kuitwa kujitolea?

Historia ya eneo hili inashauri tahadhari. Mwishoni mwa miaka ya 1940, wakulima wa Murang'a, wanawake wakiwa mstari wa mbele, walikataa kuchimba matuta yaliyoamriwa na serikali ya kikoloni. Matuta yenyewe yalizuia mmomonyoko wa udongo. Kilichokataliwa ni amri na jinsi ilivyotekelezwa.

Tanzania nayo ina kumbukumbu yake. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa mwaka 1963, na miaka mitatu baadaye serikali ikaamua kwamba wasomi wote walitumikie kwa lazima, huku wakipokea sehemu tu ya mshahara. Oktoba 1966 wanafunzi wapatao 400, wengi wao wa chuo kikuu, waliandamana jijini Dar es Salaam kupinga. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao, lakini pia alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Huenda hilo la pili ndilo lenye uzito zaidi, kwa kuwa kijana huambiwa atumikie na watu wazima ambao naye anawatazama kama wanatumikia. Utumishi huo wa lazima ulisitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013 kwa vijana wanaohitimu kidato cha sita.

Mwaka huohuo wa 2013, Rwanda ilianzisha Urugerero kwa wanaomaliza sekondari. Vijana hao hushiriki kuwajengea nyumba wasiojiweza, hutengeneza bustani za mboga kando ya nyumba na huhimiza familia kujiunga na bima ya afya. Wao huanza wakiwa na ruwaza mbele ya macho: Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi huwaona wazazi na viongozi wakishika majembe katika Umuganda.

Kenya imechagua kuanza mapema zaidi, mwanafunzi akiwa bado darasani, na ugumu wake uko hapohapo. Baadhi ya shule za sekondari ni za bweni, zenye ua na lango la kufungwa. Kuwatoa wanafunzi 50 kwenda kijijini kunahitaji mwalimu wa kuwasindikiza, idhini ya wazazi, na pengine nauli. Alama nazo ni mtego. Ripoti yenye picha nzuri yaweza kuandikwa kuhusu kazi iliyochukua nusu saa.

Kuna pia wanafunzi wa kutwa ambao hawakusubiri mtaala. Msichana anayeamka alfajiri kuchota maji, akamwogesha bibi mgonjwa, kisha akatembea kilomita tano hadi shuleni, tayari anatumikia. Kumwongezea mzigo wa alasiri kwa jina la huduma ni dhuluma. Mwalimu mwenye busara ataanzia kwake: njia ya maji anayopita yaweza kuwa ndiyo mradi wa darasa zima, na yeye akawa mtaalamu wao.

Kwa wazazi wa Uganda, suala hili liko karibu kuliko linavyoonekana. Mtaala wa sekondari ya chini uliorekebishwa mwaka 2020 nao unadai miradi, na bulungi bwansi ilikuwa ikisafisha njia na visima vya Buganda kabla ya shule hizi kuwapo. Mzazi anayeletewa orodha ya vifaa vya kununua kwa ajili ya mradi anayo haki ya kuuliza ni nani aliyelichagua tatizo, na ni nani, nje ya ua wa shule, atakayenufaika likitatuliwa.

Kundi la kwanza la Kenya litamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028.