Kando ya Barabara za Eastlands Tupande Mimea Isiyolilia Maji

Ifikapo Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, si ajabu kuwaona wanafunzi wa mitaa ya mashariki mwa Nairobi wakiandamana na walimu wao kuelekea kando ya barabara, majembe begani na miche mikononi. Hotuba husomwa, picha hupigwa. Kufikia Septemba, kinachosalia ni vijiti vikavu, na lawama huwaangukia mbuzi na utingo wa matatu. Kwa maoni yangu, mbuzi wanasingiziwa. Makosa yetu ni mawili: wakati wa kupanda na uteuzi wa mimea.

Tuanze na wakati. Mvua ya masika hunyesha Nairobi kuanzia Machi hadi Mei. Juni ni mlango wa miezi ya baridi na ukavu ambayo hukoma mvua ya vuli inapoanza Oktoba. Kupanda mche Juni ni kama kumwachisha mtoto ziwa siku ya njaa. Naam, ni siku hiyo hiyo, mwaka wa 1977, ambapo Profesa Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba pale Kamukunji, na heshima ya siku hiyo haiondoki. Lakini sherehe ni sherehe, na kilimo ni kilimo. Serikali ilipotoa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti, Novemba 13, 2023, angalau ilichagua siku iliyo katikati ya vuli.

Sasa udongo. Mkaazi wa Umoja, Donholm au Kayole hahitaji kuelezwa habari za udongo mweusi unaonata viatuni. Udongo huu hufura unaponyeshewa na kupasuka nyufa unapokauka, na nyufa hizo hukata mizizi michanga. Mvua ikizidi, maji hutuama, na mmea ulioponea kiangazi ukaoza kwa mafuriko. Dawa yake si ngumu: inua tuta la kimo cha shubiri moja au mbili, uchanganye udongo na mchanga na kokoto ili maji yapite.

Katika tuta hilo, mmea ambao ningeutanguliza ni mshubiri. Mwalimu wa biolojia atapata hapo somo zima. Mimea mingi hufungua vinyweleo vya majani mchana ili kuvuta hewa ya kaboni, na papo hapo hupoteza maji juani. Mshubiri hufungua vyake usiku, kukiwa na baridi, ukaihifadhi hewa hiyo hadi jua lichomoze. Isitoshe, utomvu wake mchungu huwafukuza wanyama, na maua yake huwaita ndege aina ya chozi. Ila wanafunzi wasitumwe kuung'oa porini. Uvunaji wa mishubiri ya mwituni kwa biashara ulipigwa marufuku na Rais Moi mwaka wa 1986. Inunuliwe katika vitalu vya miche.

Wa pili ni vinka, ua la waridi au jeupe lenye asili ya Bukini, ambalo halizidi sana kimo cha goti na huchanua hata jua likiwaka. Kutoka kwake wanasayansi walipata dawa za kutibu saratani ya damu, ingawa majani yenyewe ni sumu yakiliwa. Pembeni kabisa, ukoka watosha: hutambaa na kushika udongo. Mnyaa usipandwe karibu na shule, kwani utomvu wake huumiza macho vibaya. Mpungate nao tumeuona ulivyoteka malisho ya Laikipia. Anayeusifu kwa ustahimilivu hajawauliza wafugaji wa huko.

Kimo ndicho jambo ninalolishikilia zaidi. Mtoto wa darasa la kwanza anayesubiri kuvuka Barabara ya Jogoo au Outering hana urefu wa kuonekana juu ya ua la kayaba. Dereva humwona akiwa tayari barabarani. Kwa hivyo, penye kivuko pabaki ukoka mtupu, na mishubiri, ambayo mashina ya maua yake hurefuka, irudi nyuma.

Wapo watakaouliza kwa nini tusipande nyasi laini kama za mitaa ya kitajiri. Nyasi hizo zinataka maji. Tangu Januari 2017, Bwawa la Ndakaini lilipopungua na mgao ukaanza, familia nyingi za Eastlands zimejua maana ya kupanga foleni na mtungi wa lita 20. Mzazi aliyenunua mtungi huo hawezi kumstahi mwalimu anayemwagia nyasi.

Kabla ya jembe la kwanza, shule iombe idhini ya wenye barabara, kisha walimu wasimame hapo asubuhi moja watazame watu wanapopita kwenda kazini na mahali mama mboga anapotandaza gunia lake. Njia hiyo iachwe wazi. Tuta likiikata, litakanyagwa lote kabla ya Krismasi.