Daftari Kwanza, Kiwango Baadaye

Kila Mswada wa Fedha wa kaunti unapotolewa, mabishano huangukia kiwango cha kodi ya ardhi: kimepanda au kimeshuka, na kwa ngapi. Wananchi wana haki ya kubishana, ila shabaha wameikosa. Kiwango ni hesabu ya mwisho tu. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kaunti inahitaji shilingi milioni 100 kutoka kwa wenye ardhi, na ardhi yote iliyoandikwa kwenye daftari la thamani ni ya bilioni 50. Kiwango kitakuwa asilimia 0.2, na mwenye ploti ya milioni 2 atalipa 4,000. Sasa daftari hilo liwe limesoma bilioni 10 pekee, kwa sababu ploti nyingi hazimo. Mahitaji hayajabadilika, lakini kiwango kimefika asilimia 1, na yule yule wa milioni 2 anadaiwa 20,000. Jirani yake asiyeandikwa hadaiwi kitu.

Nairobi imetupa funzo hili waziwazi. Sheria ya zamani ilitaka ardhi ithaminiwe upya angalau kila miaka 10, lakini jiji liliendelea kutoza kwa thamani za 1982 kwa karibu miaka 40, hadi kiwango kikawa asilimia 34. Daftari jipya lilipoanza kutumika, kiwango kikashuka hadi asilimia 0.115, na bado wapo waliojikuta wanalipa zaidi. Namba kubwa ilikuwa imeficha kodi ndogo. Kimuka, nyuma ya vilima vya Ngong, hatari ni kubwa zaidi, maana ardhi yenyewe inabadilika umbo: shamba lililokuwa na hati moja linakatwa ploti za futi hamsini kwa mia. Mji wa Kitengela ulipitia njia hiyo mapema, na sensa ya 2019 ilihesabu huko watu zaidi ya 150,000. Hati mpya zisipoingizwa daftarini haraka, mji unakua huku walipaji wakibaki wale wale.

Wafugaji wana pingamizi zito dhidi ya kuandikwa daftarini, na silioni la kupuuzwa. Kodi hii Kenya kwa desturi hutazama thamani ya ardhi tupu, si jengo wala mapato. Basi mfugaji mwenye ekari 40 kando ya ploti zinazouzwa ghali anaweza kuonekana tajiri kwenye karatasi ilhali hana pesa mkononi, na kumtoza kama dalali ni kumlazimisha auze. Lakini dawa si kumwacha nje ya daftari. Aandikwe kwa thamani ya malisho maadamu anachunga, na siku anapokata ploti ndipo thamani ipande. Mwingine atasema hati yake ni ya umiliki wa kudumu, hivyo hadaiwi. Huyo anachanganya kodi hii na ile wanayolipa wenye hati za kukodishwa. Kodi ya ardhi ni mchango wa huduma, na Katiba, kifungu cha 209, imeipa kaunti mamlaka ya kuitoza.

Wasiwasi wangu mwingine ni kalenda. Makadirio ya matumizi hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na sheria ya matumizi inapopita mwishoni mwa Juni, bunge huwa bado lina siku 90 za kupitisha Mswada wa Fedha. Yaani tunapanga kula kabla ya kuhesabu mfuko. Mapato yasipotimia, miradi ndiyo hukatwa, kwa kuwa mishahara haingoji. Kwa hiyo mkazi wa Kimuka anayengoja Mswada wa Fedha amechelewa. Nenda kwenye kikao cha maoni ya bajeti, kabla ya Juni, ukaulize mambo mawili: daftari la thamani lilisahihishwa lini, na ni ploti ngapi za eneo lako zimo ndani yake?